Shimo la Zama

Mitchel alichimba shimo kando ya nyumba ya kukhu, nyanya yake, wiki ileile nyanya huyo alipolazwa hospitalini mjini. Ilikuwa kazi ya shule. Ukuta mmoja wa shimo aliulainisha kwa panga, akachonga rafu ndogo, akapanga humo wanyama aliowafinyanga kwa udongo wa mtoni. Awinja, mke wa baba yake mdogo Osundwa, alikuwa akichambua mboga mlangoni huku akimsikiliza akijizoeza kueleza. Chini kabisa, zama za bahari: konokono na samaki, nchi kavu haina hata nyasi. Katikati, zama za dinosaria. Juu yao, wanyama wanaonyonyesha, na tembo wenye manyoya.

"Na sisi?" Awinja akauliza.

"Sisi ni hapa, mama mdogo." Mitchel akagusa mizizi ya nyasi. "Tumefika juzi tu."

Kwa kuwa shimo halibebeki, Mwalimu Phineas angekuja kesho kulipiga picha. Picha hizo ndizo zingeamua kama Mitchel ataenda maonyesho ya kaunti.

Jioni jirani yao Gentrix akapita kuuliza hali ya mgonjwa. Akaliona shimo, refu na jembamba, limeelekea mlango wa mwenye nyumba. Akacheka kwa pua.

"Kwani mnamchimbia nani, na mwenyewe bado anapumua?"

Kila mtu hapa Musanda anajua shimo la umbo la kaburi halilalangi wazi. Likikosa mtu huzikwa mgomba, lisije likamwita anayelitosha. Awinja alijiambia hili ni la shule tu. Akasonga obusuma, ugali wa jioni, akala tonge moja akaacha. Kisha Osundwa akapiga simu kutoka hospitalini: mama yake amekataa hata uji. Mitchel alikuwa mtoni kuteka maji. Awinja akakata mgomba, akautumbukiza, akafukia mpaka juu. Aliwasikia wale wanyama wakivunjika kama maganda ya mayai, na hakusimama.

Mitchel aliporudi akaambiwa sababu. Akatua mtungi.

Asubuhi Mwalimu Phineas akakuta udongo mbichi. Mitchel akamwambia mvua ilibomoa. Viatu vya mwalimu vilikuwa vimejaa vumbi la njiani. Akamtazama Awinja, Awinja akatazama chini. Mwalimu akatoa pole, akasema basi nafasi itabidi apewe mwingine.

Mchana simu ikaja: mgonjwa amekunywa uji, sasa anataka ingokho, nyama ya kuku, tena paja. Awinja akakimbia kumwambia Mitchel, karibu aongeze kwamba ndiyo maana alifukia. Akaona haya kabla neno halijatoka.

Mitchel alitabasamu kwa ajili ya kukhu. Halafu akauliza polepole:

"Mama mdogo, kama kukhu angekufa, ungesema ni mimi?"

Awinja alitaka kusema hapana. Lakini jana, jembe likiwa mkononi, moyo wake ulikuwa umeshasema ndiyo, na mtoto alikuwa akimtazama usoni.  Mitchel akachukua mtungi, akashika njia ya mtoni.