Samaki Wawili wa Chupa ya Kumi na Nne

Mwaka 1975 Kapinga alikuwa mtunzaji wa chumba cha samaki karibu na bandari ya Kalemie. Mlikuwa na chupa mia moja na ishirini, kila moja na samaki wa Tanganyika ndani ya alkoli. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni na kuwaeleza. Wageni hawakuja, watu walisema mule mna uchawi.

Mwezi wa saba ikaja barua kutoka Lubumbashi: mkaguzi atakuja, na chumba kisichotembelewa kitafungwa.

Kesho yake Kapinga alifunga chupa tatu kwa kitenge, akashuka ufukweni wanawake walikokuwa wakinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Mama, leo unauza maiti?" aliuliza Bertille, mchuuzi wa siku nyingi. Wenzake wakacheka, lakini wakasogea.

Mume wa Bertille, Omer, mvuvi, alichukua chupa ya kumi na nne, yenye samaki wawili na kadi ya maelezo, akaielekeza kwenye jua.

"Nani aliandika hapa kama hii ni aina mbili?"

"Wataalamu, Papa."

"Walikosea. Hii njo bwana, hii njo bibi yake. Humu wamepauka, lakini mu maji bwana ni wa buluu. Anachimba shimo mu muchanga kama sahani. Bibi anataga, anabeba mayai mu kinywa."

Kapinga aliinama akaisoma kadi tena. Miaka mitatu alikuwa akiamini ni aina mbili.

"Utanionyesha?"

Asubuhi iliyofuata walipiga kasia hadi kwenye miamba, kusini mwa mji. Maji yalikuwa maangavu. Kapinga aliinama hadi pua ikagusa ziwa, akamwona bwana: buluu, akizunguka sahani yake ya mchanga, na jike wa kijivu akimfuata.

Aliandika kadi mpya yenye jina la Omer, akaibandika kando ya ile ya zamani. Bertille akaja kuliona jina la mumewe. Akaleta wenzake, nao wakaanza kubishana: huyu kwa Kitabwa anaitwaje, kwa Kiholoholo je?

Mkaguzi alipofika mwezi wa tisa, alikuta chumba kimejaa watu na kinanuka samaki wa moshi. Hakuna aliyempisha. Aliisoma kadi mara mbili.

"Sitwayeni," aliuliza, kama raia wanawake walivyoitwa siku hizo, "nani alikupa ruhusa ya kuwasahihisha wataalamu?"

"Hakuna. Nilienda kuangalia."

"Mimi njo nilimupeleka," alisema Omer.

Mkaguzi aliamuru kadi iondolewe hadi wataalamu waandikiwe na kujibu. Chumba, alisema, kibaki wazi. Kapinga aliibandua, lakini kila mgeni aliyefika kwenye chupa ile alielezwa habari ya bwana na bibi kwa mdomo.

Jibu lilichukua miezi minane. Omer alisema kweli, waliandika wataalamu, na je, kuna samaki wengine ambao wavuvi wanabishania kadi zao?

Kapinga aliwaita Omer na Bertille, akafungua daftari. Walianza na chupa ya kwanza. Kazi hiyo iliwachukua hadi Noeli.