Kadi Isiyotoka

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, saa nne kasorobo asubuhi, pale fundi wa kompyuta alipolegeza skrubu ya mwisho, akafunua tumbo la laptopu, kisha akanyamaza.

Mpiga lipu alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, saruji imemkaukia kwenye kope. Kimya cha namna ile alikuwa anakijua. Alikisikia hospitalini, siku aliyozungushwa dirisha hadi dirisha na wakubwa wa pale, mpaka mkewe mgonjwa akachoka kusubiri, akajiendea zake kaburini.

Laptopu ilikuwa ya binti yake wa pekee, anayesomea kuchora majengo. Chuo kilikuwa kimetoa karatasi: anayetaka kufanya mtihani wa Ijumaa abadilishe kioo na kadi ya grafiki, ile inayobeba michoro mizito, la sivyo programu mpya haitafunguka. Mpiga lipu aliishia darasa la nne, lakini karatasi ile aliisoma mara tatu, kidole kikitembea chini ya maneno. Akapatana na fundi: wewe nibadilishie vyote viwili, mimi nakupigia lipu kibanda chako, nje na ndani. Siku nne akawa mtu wa kupanda ngazi na kushuka. Kuta zikatoka laini kama sahani. Kioo kipya kikafungwa, kikang'aa mpaka binti akacheka peke yake. Ikabaki kadi.

"Baba," fundi akasema, "hii haitoki."

"Ivute taratibu."

"Si ya kuvuta. Imechomelewa kwenye bodi tangu kiwandani. Za namna hii karibu zote ziko hivyo. Ukitaka kadi nyingine, tafuta kompyuta nyingine."

Mpiga lipu akamuuliza kwa nini hakufungua kabla ya kupatana. Fundi akajikuna shingo, akasema karatasi ilikuwa na muhuri wa chuo, akadhani wenye chuo wameshaangalia. Hapo mpiga lipu akakosa hata la kumtukania, maana muhuri huohuo ndio uliomtia na yeye upofu.

Fundi alipokwisha kurudishia kifuniko, baba akampitia binti, wakaenda moja kwa moja ofisi ya mitihani ya chuo. Njia nzima binti alimsihi asije akafoka. Hakufoka. Alimweleza karani yote, toka kioo mpaka bodi. Karani akamsikiliza huku akipanga mafaili, akasema anawaonea huruma, lakini jina la binti haliwezi kuingia kwenye orodha. Agizo limetoka juu.

"Juu wapi, mwanangu?"

"Juu tu, mzee wangu."

"Juu ndiko ninakofanyia kazi. Mwaka wa thelathini huu napiga lipu dari za watu, sijakutana na mtu huko."

Mmoja kwenye foleni akabanwa na kicheko. Binti akainamia sakafu. Karani hakucheka, aliichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akitafuta jina la mwandishi. Halikuwepo.

Mpiga lipu akaiweka laptopu juu ya kaunta, akaifunua. Kile kioo kipya kikawamulika wote watatu usoni, kikionyesha vizuri kabisa, herufi kwa herufi, kwamba programu imeshindwa kufunguka.

"Basi nijibu hili tu," akasema. "Huyu aliyeandika watoto wabadilishe kadi, amewahi kufungua laptopu hata moja akaona ndani kuna nini?"