Bitana Chini ya Kichwa

Fundi alijifunza kuogelea juu ya meza ya kukatia nguo.

Watu wa mtaani walidhani ni utani, na wifi yake, aliyekaa naye dukani akitia vifungo na kukunja mapindo, hakufanya lolote kuwaondolea dhana hiyo. Mteja akija kuulizia suruali yake, wifi alinyoosha kidole kwenye pazia la nyuma na kusema, "Subiri kidogo. Fundi yuko baharini."

Haukuwa utani. Nyonga ya kulia ya fundi ilikuwa imeanza kukaza tangu mwaka uliopita, polepole, kama droo ya mbao msimu wa mvua. Ikafika asubuhi aliposhindwa kuinuka kwenye stuli mpaka wifi amwinue kwa kumshika makwapani. Daktari alimkunja mguu huku na huku, akamwambia kwamba vidonge vitapunguza maumivu tu. Nyonga yenyewe ilitaka kuzungushwa bila kubebeshwa uzito, na mahali pa kufanya hivyo ni ndani ya maji.

"Ukipuuza, mama," daktari alisema, "mwaka hautaisha kabla hujashindwa kukaa kwenye cherehani."

Kushona ndiyo kazi pekee aliyoijua fundi. Akiwa mbele ya cherehani ndipo akili yake ilipotulia. Kwingine kote alijihisi mgeni kidogo. Lakini maji aliyaogopa, na si kidogo. Hata uso aliufuta kwa kitambaa, hakuwahi kujimwagia.

Bwawa lilikuwapo, nyuma ya ukumbi wa michezo. Alikwenda siku moja kuchungulia, akakuta darasa la watoto: maji yanaruka, mwalimu anapiga kelele, wazazi wamejipanga kwenye benchi na simu zao. Akajiona mle katikati, mama mzima, ameng'ang'ania ukuta. Akageuka, akarudi dukani kumalizia kola.

Binti yake, aliyeishi mbali, ndiye aliyemwandikisha kwenye kozi ya mtandaoni.

"Ni ya watu wazima waoga, mama. Unatazama video, unafanya mazoezi nyumbani, ndipo unakwenda majini."

"Kuogelea? Kwa simu?"

"Jaribu tu. Hakuna atakayekuona."

Hilo la mwisho ndilo lililomshawishi.

Mwalimu wa kozi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, amesimama kando ya bwawa la buluu lisilo na mtu. Wifi alimtazama mara moja tu, akampa jina: Shangazi Samaki.

Somo la kwanza Shangazi Samaki hakugusa maji kabisa. Alieleza tu. Alisema kifua kikijaa hewa, mtu hawezi kuzama kirahisi hata akitaka. Kwamba maji humbeba anayetulia. Fundi alirudisha video nyuma, akasikiliza tena, kisha tena. Maisha yake yote alidhani waogeleaji wanapigana na maji wasimezwe. Kumbe alikuwa ametembea na boya kifuani tangu azaliwe, na hakuna aliyewahi kumwambia. Alikaa na simu mkononi, akavuta pumzi, akaachia, akijisikiliza kama anayejaribu nguo mpya.

Akaanza. Alisogeza mikasi na chaki, akapanda mezani kwa shida, akalala chali. Ubao ulimuumiza kisogo, hivyo alichukua kipande cha bitana, kile kitambaa cha kutiwa ndani ya koti, akakikunja mara nne, akakiweka chini ya kichwa. Akajifunza kutandaza mikono, kulegeza magoti, kupiga miguu kuanzia kwenye paja. Halafu akatia maji kwenye beseni la kulowekea vitambaa, akatumbukiza uso, akatoa pumzi kwa pua taratibu. Mara ya kwanza aliruka nusu ya chumba. Lakini Shangazi Samaki hakuchoka wala hakuguna. Ukimsimamisha, alisimama. Ukimrudisha, alirudi na tabasamu lile lile. Baada ya majuma machache fundi aliweza kukaa na uso majini, akitoa mapovu madogo yaliyopangana kama mshono wa mashine.

Siku moja mteja aliingia bila kubisha, akamkuta ameinama uso wote uko ndani ya beseni.

"Jamani! Fundi amezimia!"

"Muache," wifi alisema, hata sindano hakuiweka chini. "Anasoma."

Wifi hakuwa mbaya. Ila kozi ile haikumwingia akilini.

"Nikuulize kitu, wifi yangu," alisema jioni moja wakifunga duka. "Huyu Shangazi Samaki, anakuona?"

"Hanioni. Ni video."

"Basi anajuaje unakosea?"

"Hajui. Lakini ananieleza sababu ya kila kitu. Na nikikosea narudia hata mara kumi, hakuna wa kunicheka."

"Mimi je?"

"Wewe nimekuzoea."

Wifi alicheka, akafunga kufuli. Lakini swali lile halikumtoka fundi. Kesho yake, katikati ya zoezi, mtu alipiga hodi. Fundi aliteremka, akampa mteja sketi yake, wakazungumza kuhusu zipu, na aliporudi nyuma ya pazia akaikuta video bado inaendelea. "Umefanya vizuri sana!" Shangazi Samaki alikuwa anaiambia meza tupu. "Mwili wako umetulia kabisa!"

Fundi alisimama pale, akaitazama meza. Hakumwambia wifi. Wifi angecheka mpaka usiku.

Mwisho wa kozi simu ilimletea cheti chenye maua pembeni na jina lake kamili. Wifi alikitazama kwa muda mrefu.

"Yaani sasa wewe ni mwogeleaji."

"Ndivyo kinavyosema."

"Na hujaloa hata kisigino."

Basi ikabaki kuloa. Fundi alijishonea vazi la kuogea la kitambaa kinachonyumbulika, mikono mirefu, miguu mpaka magotini, mishono miwili miwili. ("Ungeongeza shela," wifi alisema, "ukaolewe na kambare.") Akachagua adhuhuri, saa ambayo bwawa huwa halina watu. Wifi akamsindikiza, eti abebe taulo. "Kaka yangu akisikia umezama mimi nimekaa dukani, nitamwambia nini?"

Aliyekuwapo ni msimamizi wa bwawa tu, msichana mwenye mabega mapana na filimbi shingoni. Kazi yake ilikuwa kuangalia watu wasizame, si kufundisha, na alilisema hilo mapema.

"Mama unajua kuogelea?"

Fundi alifikiri. Hakupenda kudanganya. "Nimesoma," akajibu.

Aliteremka ngazi akishika chuma kwa mikono miwili. Maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani. Na hapo kila alichojifunza kikamtoka. Hakuna aliyemwambia kwamba maji yanasukuma kifua. Hakuna aliyemwambia kwamba sakafu huwa haionekani ilipo, kwamba miguu yako mwenyewe inaonekana imekatika na kuhamia pembeni. Hapakuwa na pa kubonyeza yasimame. Alijikaza, akageuka chali kama alivyofanya mezani, akaachia chuma. Nyonga zikazama, miguu ikafuata, maji yakamwingia puani. Akaibuka akikohoa, akakishika chuma, na kwenye benchi akamwona wifi amesimama wima na taulo, hacheki hata kidogo.

Alijaribu tena. Akazama tena.

Akatulia akishika ukuta, akakitazama chumba cha kubadilishia nguo, umbali wake, na wepesi wa kupanda ngazi na kwenda. Kisha akilini akaiona cherehani yake imefunikwa shuka. Akabaki palepale.

Msimamizi aliingia majini bila kurusha hata tone. "Fanya tena," alisema. "Nataka kuangalia tu." Fundi akafanya, akazama, akaibuka. Msichana alikuwa amekunja uso, kama mtu anayetafuta uzi uliokatika.

"Pumzi yako ni nzuri sana. Wengine nawaona wanahangaika miezi kufika hapo. Nani amekufundisha?"

"Wa kwenye simu."

"Amekufundisha vizuri. Lakini shingo yako... Mama, ulikuwa unafanyia wapi mazoezi?"

"Mezani. Meza ya kukatia nguo."

"Kichwa umekilaza kwenye nini?"

"Bitana," fundi akasema. "Niliikunja mara nne."

Msimamizi akacheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyeupata uzi wake. "Basi bado umeilalia. Unainua kichwa kana kwamba ipo, na kichwa kikipanda, nyonga inashuka. Lala tena. Mimi nitaiondoa."

Fundi akalala. Vidole viwili vikaja chini ya kisogo chake, vya baridi, na havikumbeba. Vilimwonyesha tu kichwa kinapoishia. Kisha vikashuka kidogo, na kichwa kikavifuata. Masikio yakaingia majini. Ulimwengu ukanyamaza, wote kwa pamoja, na ndani ya ukimya ule akasikia pumzi yake, ile ile ya kwenye beseni, ikienda na kurudi kubwa kama ya mnyama mkubwa aliyelala. Akajaza kifua. Kifua kikapanda. Nyonga zikapanda. Miguu ikaja juu yenyewe, bila kuitwa.

Aliijua hali hii, ila kutoka upande wa pili. Ukishika kitambaa chepesi pembe mbili, ukakirusha juu ya meza, hakianguki mara moja. Kwa kitambo kidogo hulalia hewa, kimetanda chote, hakigusi popote. Alikuwa amekitazama kitambo hicho maisha yake yote akiwa amesimama na mikasi, akingoja kipite aanze kazi. Sasa kilikuwa hakipiti.

Aliizungusha nyonga. Kidogo, kisha zaidi. Ikazunguka. Hakuna kilichokwama wala kuchoma, na machozi yakamtoka pembeni, yakaingia bwawani, na bwawa halikujali.

Alipogeuza macho kumshukuru msimamizi, alimwona amesimama mbali, karibu na ngazi, mikono yote juu hewani ili aione.

Njiani kurudi, wifi ndiye aliyebeba taulo lililoloa. Walipofungua duka ndipo alipouliza.

"Niambie basi. Nani mshindi? Simu au yule dada?"

Fundi alilifikiria swali kwa haki. Bila Shangazi Samaki asingethubutu kushuka ngazi. Bila vidole viwili angekuwa sasa hivi anaifunika cherehani shuka. Lakini hakuona ushindi popote. Aliona tu kwamba mtu asiyemjua kabisa alikuwa ametia pumzi kifuani mwake kutoka mbali, na mwingine akaiona bitana isiyokuwapo, na kwamba mambo yote mawili yalimzidi kimo.

"Panda mezani," akasema.

"Mimi? Nimeshiba, wifi."

"Panda."

Wifi alipanda akilalamika, akalala chali kati ya chaki na futi, akanyoosha mkono, akajivutia kipande cha bitana chini ya kichwa. Fundi akakichomoa.

"We! Mbao zinaniumiza!"

"Najua," fundi alisema, na akaweka vidole viwili chini ya kisogo chake. "Sasa vuta pumzi."