Wavuta Kamba wa Mpwapwa

Yotham alikuwa na jicho, hilo hata waliomchukia hawakatai. Kila mwaka, boma la Mpwapwa lilipotaka vijana wa kuvuta kamba siku ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wajerumani, yeye ndiye aliyezunguka visimani kuwachagua. Wengine walitazama vifua. Yeye alitazama visigino vya wanaonywesha ng'ombe. "Kifua ni cha kuringia," alizoea kusema. Wapinzani wao wa Dodoma walikuja na maneno mengi, wakarudi na vumbi. Sifa zikamlevya, mwenzangu wee.

Mwaka ule wa vita alimchukua hata Seth, mtoto pekee wa dada yake Loisi, akamweka mwisho wa kamba, penye uzito.

"Utamrudisha?" Loisi aliuliza.

"Dada, ni mchezo tu."

Asubuhi ya sikukuu, nyuma ya ghala, Yotham alimsikia Mjerumani mkuu wa boma akimwamuru efendi wake, mkubwa wa askari weusi, kwa Kiswahili cha kukoroma: washindi wafungwe, wapelekwe vitani kubeba mizinga. Watakaoshindwa waende zao, wanyonge hawamfai.

Alirudi mbio kwa vijana wake. Askari wawili walikuwa wamesimama papo hapo, Wagogo wenzao, kwa hiyo hata Kigogo hakikufaa.

"Leo shindweni," alinong'ona. "Iachieni kamba."

Wakatazamana. Seth ndiye aliyejibu. "Dodoma wamekupa nini, mjomba?"

"Hawajanipa kitu. Nisikilizeni, wanangu."

"Umetufundisha kufa na kamba, leo umetuuza."

Basi wakavuta kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kumkomoa yeye. Dodoma waliburutwa kifudifudi. Na tusidanganyane: Yotham alipoona miguu ile imeshika ardhi kama alivyoifundisha, moyo wake ulifurahi. Alifurahi, mjinga yule, mpaka aliposikia minyororo inatolewa ghalani.

Mjerumani alimpigapiga begani. "Kazi nzuri. Utanitafutia wengine."

Waliondolewa mchana huohuo, wamefungwa shingo kwa shingo. Seth alipomfikia mjomba wake alisimama kidogo.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua, mwanangu."

"Ungetuambia."

"Wangeniua."

Seth alimtazama, bila hasira sasa. "Ndiyo," alisema, na mnyororo ukamvuta.