Sina Wasiwasi, Daktari

...ipi sasa, ameniuliza ipi, na simu yake ikalia kabla sijafungua mdomo, akanyanyua kidole, dakika moja tu baba, samahani, ni fundi bomba, nyumbani kwangu kumefurika, nami nikatikisa kichwa kwa adabu kama mtu mwenye nafasi zake, hakuna shida daktari, hakuna shida kabisa, huku shati limeshanigandia mgongoni na moyo unakimbia kama umeiba kitu sokoni... karatasi iko mbele yangu, ameandika mistari mitatu kwa mkono wake, mwandiko mzuri kwa daktari, vidonge vya polepole, vidonge vya haraka, mazungumzo na mshauri, akaigeuza inielekee akasema zamani tulikuwa tunawaamulia wagonjwa, siku hizi tunaamua pamoja, sasa wewe unaona tuanze na ipi... pamoja gani hiyo, daktari, wewe umesomea, mimi nimefika hapa kwa sababu siwezi hata kuamua nivae viatu vipi, leo asubuhi nimesimama mbele ya jozi mbili mpaka mke wangu akaniletea ya tatu akaiweka chini, mtu anayeogopa kila uamuzi unamwambia aamue, si ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu akimbie dukani akanunue magongo... hapana fundi, anasema, sio koki hiyo, ile kubwa ya nje, karibu na ukuta, ile yenye kutu... na lingenichekesha hili kama bado ningekuwa na cha kuchekea, maana ndiyo kazi yangu, mimi ni mpima macho, mwaka wa kumi na tisa huu, nakaa kwenye chumba kidogo cha giza na mtu niliyemvalisha fremu nzito ya majaribio, nabadilisha lenzi namuuliza, ipi inasomeka vizuri, hii... au hii... na sasa hii... au hii, wenzangu pale kwenye duka la miwani wananiita Bwana Hii-au-Hii, nimeona watu wazima wakitokwa jasho kwa swali hilo, mwalimu mkuu mstaafu alinishika mkono akaninong'oneza, wengine huwa wanasema ipi, nikamjibu kwa ile sauti yangu ya kazini, usiwe na wasiwasi mwalimu, hakuna jibu la kukosea, mwongo mkubwa mimi, lipo, ukikosea unakwenda nyumbani na miwani ya kukuumiza kichwa mwaka mzima... mganga hajigangi, waliosema walijua.

Mwezi uliopita ndipo mambo yalipoharibika waziwazi, nilimvalisha bibi mmoja fremu, nikazima taa, nikanyoosha mkono kwenye sanduku la lenzi, mkono ukaanza kutetemeka mpaka vioo vikagongana, kifua kikabana, hewa ikawa haifiki mwisho, nikasema nakuja mama, nikatoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma karibu na mapipa ya taka, kichwa katikati ya magoti, nikiwa na hakika kabisa kwamba nakufa, na niliporudi karibu saa nzima ilikuwa imepita, yeye bado amekaa gizani na fremu usoni, mikono mapajani, akaniambia nilidhani ndiyo dawa inaingia, mwanangu... mwenye duka si mtu mbaya, hakufoka, alinipa mpaka Jumatatu nimletee barua ya daktari inayosema natibiwa, na natibiwa kwa kitu gani, la sivyo chumba cha giza atapewa mwingine, mimi nibaki mbele kufuta fremu na kukaza skrubu, na leo ni Ijumaa... haya, chagua basi, vya haraka, nusu saa tu umetulia, alisema, lakini ni vya muda mfupi baba, mwili unavizoea... kutulia, nakujua kutulia mimi, mama yangu alikuwa navyo, nyumbani tukiviita vidonge vya mishipa, vyeupe, vina mstari katikati, akivihifadhi ndani ya foronya, alianza na nusu, ikawa kizima, ikawa kizima asubuhi na kizima jioni, na mama yule aliyekuwa akigombana na kila muuza mboga akawa mtu wa kukaa dirishani, ukimsalimia anaitikia, ukimtania anaitikia vilevile, dada yangu akasema angalau ametulia, nasi sote tukasema kweli, ametulia, hata siku ya msiba wa baba alitulia, akapita akiwauliza wageni kama wameshakula, kama vile ni sherehe ya mtu mwingine... tulipomzika mama tukafua mito yake tukakuta pakiti kumi na moja, tukatazamana, hakuna aliyeuliza nani alikuwa akimletea, kwa sababu tulikuwa tukimletea sote, kila mmoja kwa siri yake.

Basi mshauri, mazungumzo, hayana madhara, nilishamwona mmoja, kijana mpole, akaniambia ukibanwa taja vitu vitano unavyoviona, nikataja, mlango, saa, kikombe, pazia, na jicho lako la kushoto linavuta ndani kidogo, unahitaji miwani, akaacha kuandika akaanza kuniuliza habari za macho yake, kumbe kichwa humuuma kila jioni, muda ukaisha, nikatoka nikiwa nimempima yeye... na hata huyu wa hapa nafasi yake ya kwanza ni baada ya miezi miwili, halafu kila wiki mara kumi na mbili, utamwambia nini mtu mara kumi na mbili, naogopa, unaogopa nini, sijui, tukutane wiki ijayo... shemeji yangu ananitumia ujumbe wa sauti kuhusu mizizi ya kuchemsha, mama mkwe anasema ni upungufu wa imani, kila mtu ana lake, na mimi nimegeuka mchagua nazi, wanasema hupata koroma, mimi hata koroma sijaipata, nipo tu chini ya mnazi nimeinua uso... je, umepanda kuangalia tangi, fundi, panda uangalie, usikisie... vya polepole ndivyo anavyovipenda yeye, nimeona jinsi alivyogonga mstari ule kwa kalamu, wiki sita, alisema, haba na haba hujaza kibaba, ila wiki mbili za mwanzo unaweza kujisikia vibaya zaidi kidogo, amelisema hilo kwa upole kabisa, vibaya zaidi ya hivi ni wapi daktari, kuna ghorofa nyingine chini ya hii...

Na asingelifungua lile faili la zamani labda ningeshajibu saa hii, alikuwa akifunua kurasa, akasimama, akacheka kidogo, akasema mbona hapa, miaka minne iliyopita, mwenzangu ameandika mgonjwa hana wasiwasi, uliulizwa kweli... niliulizwa, ndiyo, nakumbuka vizuri mno, alikuwa mzee mwenye miwani iliyopinda upande mmoja, nilitamani kumnyooshea, nilikuwa nimemweleza moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, mikono kuwa baridi, akashika kalamu akaniuliza, una wasiwasi, basi, maneno mawili, na mimi niliyelelewa kutomtilia shaka aliyenizidi umri nikaruka kitini, aa, hapana daktari, sina wasiwasi hata kidogo, nakuamini kabisa, akanitazama, akaandika, hana wasiwasi, akanipeleka kubandikwa waya kifuani, moyo ukaonekana mzima, akanipa dawa za tumbo... nilidhani ananiuliza kama nina wasiwasi naye, neno lenyewe si ndivyo lilivyo, tunalinyunyiza kila mahali kama chumvi, ondoa wasiwasi, karibu bila wasiwasi, mwenye duka amelichora hata ukutani juu ya mlango, nani angejua kwamba ni jina la ugonjwa na kwamba ugonjwa wenyewe ni wangu, nilikuwa na adabu, basi, ndilo kosa langu lote, adabu, miaka minne ya dawa za tumbo kwa sababu ya adabu... daktari akasema si kosa lako baba, hutokea, akafunga faili, akaendelea na mambo yake ya kawaida, hivi vya polepole vinaweza kupunguza hamu chumbani, ni vizuri ujue mapema, halafu mna mpango wa kuongeza mtoto... nikacheka, kicheko kibaya, kilitoka chenyewe, nikasema hapana daktari, tumeshafunga duka, akatabasamu, akaandika na hilo.

Tumeshafunga duka... mimi ndiye niliyefunga, yeye alikuwa bado amesimama mlangoni, mke wangu, mama watoto, namwita hivyo mbele za watu na watoto wenyewe ni mmoja, binti yetu, ana miaka kumi na tatu, alipofikisha mitatu mama yake alianza kuniuliza, alikuwa akipiga pasi sare za kazini, hakuinua kichwa, akasema huyu anahitaji wa kugombana naye, nikasema bado kidogo, maana huyuhuyu alipozaliwa nilimlinda usiku na mchana kidole kikiwa chini ya pua yake nisikie kama anapumua, miezi saba, nilikonda mpaka pete ikawa inadondoka, nikajiambia sitoweza tena, wawili nitawalinda vipi, nina kidole cha kulia na cha kushoto, na nikilala je... bado kidogo, tuhame kwanza, bado kidogo, kazi itulie, hakunigombeza hata mara moja, angenigombeza, ingekuwa nafuu, na miaka minne iliyopita aliniuliza tena, hilo ndilo linalonikaba sasa hivi kwenye kiti hiki, mwaka uleule wa yule mzee na miwani yake, alikuwa na miaka thelathini na tisa, alisema bado upo muda mchache, nenda basi hospitali wakuangalie, labda wakikutibu... na nilikwenda, nikarudi na dawa za tumbo, nikamwambia wamesema sina kitu, na aliposikia sina kitu akaelewa, nilimwona akielewa, kwamba kama siumwi basi sitaki tu, na hakuuliza tena, mwaka jana daktari wake akamwambia mama tushukuru kwa huyo mmoja, akanisimulia akiwa anasuka nywele za binti, kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia bei ya vitunguu... subiri fundi, sisikii, rudia... na sasa wiki sita, daktari, wiki sita tu, ndivyo ulivyosema, kwa hiyo tuseme nimeze, na tuseme vifanye kazi kama ulivyoahidi, niamke siku moja kifua kimefunguka, nivae viatu vya kwanza vinavyokuja, nirudi dukani niwaulize watu hii au hii kwa mkono usiotikisika, nirudi nyumbani nikae mezani niombe chumvi, na yeye anitazame, si mjinga mke wangu, atafurahi siku ya kwanza, atafurahi ya pili, na siku ya tatu akiwa anakoroga chai atatulia, kijiko kitasimama, ataona, kwamba mtu huyu alihitaji wiki sita, kilichokuwa kati yetu na yule mtoto si umasikini wala si Mungu, ni pakiti ya vidonge inayouzwa kila duka la dawa, na neno moja alilojibu vibaya... majuto ni mjukuu, hutanguliwa na watu wengine wote, lakini kwetu yatakuwa mtoto, yatakaa kwenye kiti cha nne ambacho mpaka leo tunawekea mikoba, na mimi nitakuwa mzima, nitayaona vizuri, sitakuwa hata na hofu ya kunificha nisiyaone... nilidhani naogopa visifanye kazi, miaka yote hii ya kuogopa na hata hofu yangu sikuijua jina.

Amenyanyua tena kidole, dakika moja baba, samahani sana, bado maji yanamwagika, nami natikisa kichwa, karatasi iko palepale, mistari mitatu, najua sasa nitakachosema akikata simu, nitasema vya polepole, daktari, nitasema asante, mwenye duka atapata barua yake Jumatatu, na kila asubuhi nitameza kidonge mbele ya mke wangu, kwa maji anayonimiminia yeye, na nikirudisha glasi nitakuwa namwomba Mungu kimoyomoyo kisinisaidie.