Sekunde Kumi na Moja za Mwanzo

Watu waliowacheka Sikio na mdogo wake walipoanza kuweka muziki mtandaoni ndio hao hao leo wanaojifanya walijua tangu zamani. Miaka tisa iliyopita, ndugu hao wawili walikuwa na chumba kimoja, deki mbili za kanda na soko zima mikononi mwao. Sasa makampuni makubwa yameingia na mamilioni ya nyimbo, wasikilizaji wanahama kila wiki, na mdogo mtu, ambaye ndiye mkurugenzi, maji yamemfika shingoni.

"Dada, lazima tufanane nao," alisema Jumatatu, chai ikipoa mkononi. "Ijumaa saa nane mchana kanda zako zote zinafutwa. Tunaweka matoleo safi, yale yale wanayotumia wao."

"Kanda zangu zimekukosea nini?"

"Zimejaa vikohozi!"

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka ule wa kwanza, akihamisha kanda za zamani za studio kwenye kompyuta, Sikio hakujua kukata mwanzo wa wimbo. Alibonyeza kitufe akaacha kila kitu kiingie: viti vikikwaruza sakafu, mpiga ngoma akikohoa, fundi wa studio akiita watu wake. Nyimbo mia tatu ziliingia hivyo kabla hajafundishwa, na aibu hiyo aliimeza peke yake.

Basi akakaa kuandaa orodha ya kufuta, na jicho likamkwama kwenye takwimu za wimbo mmoja wa zamani. Kila siku, saa moja na dakika kumi asubuhi, mtu mmoja aliucheza kwa sekunde kumi na moja, akausimamisha. Miaka minne, na alikosa siku mbili tu, mwezi uliopita. Wimbo wenyewe ulianza sekunde ya kumi na mbili. Ni nani huyo anayefika mlangoni kila siku asiingie ndani?

Kwanza alidhani ni simu mbovu. Lakini simu mbovu haiondoki siku mbili ikarudi. Udadisi ukamwasha kama upupu, na Alhamisi akashindwa kuvumilia. Akamwandikia msikilizaji yule: kama hutojali, tupigie, tuna swali dogo. Dakika tano hazikupita, simu ikalia.

"Mwanangu, nimefanya kosa?" Ilikuwa sauti ya bibi mtu mzima.

"Hapana, mama. Nauliza tu, mbona wimbo wenyewe huusikilizi?"

Bibi akacheka. "Siupendi hata kidogo! Yule anayesema 'Haya, tayari?' ni mume wangu. Alikuwa fundi wa studio maisha yake yote. Waimbaji wana picha zao, yeye jina lake haliko popote. Akiniuliza namjibu, halafu naanza siku yangu."

"Na zile siku mbili ulizotuacha?"

"Mjukuu aliniwekea kwenye simu ile ya kampuni kubwa. Wimbo upo, msafi kabisa. Unaanza na gitaa. Ilikuwa kama kumzika mara ya pili."

Sikio alilia, wala hakujificha. Alipomweleza mdogo wake, yule akakuna kichwa.

"Msikilizaji mmoja, dada. Tutashindana na wale kwa bibi mmoja?"

"Nyimbo ni mia tatu. Unajua ni wangapi wanasimama mlangoni kama yeye?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Na wewe unataka kufuta kabla hatujajua!"

Ijumaa, saa moja na dakika tisa asubuhi, wote wawili walikuwa mbele ya kompyuta, mdogo mtu amekunja uso kama aliyeburutwa. Dakika ikageuka. Kwenye kioo, jina la wimbo likawaka: bibi amefika. Sikio akaucheza na wao wakasikia pamoja naye. Kiti kikakwaruza. Mtu akakohoa. Kisha sauti ya mwanamume, tulivu, isiyo na haraka:

"Haya, tayari?"

"Tayari," alijibu mkurugenzi kabla hajajijua.

Akatazama pembeni, akajifuta uso kwa kiganja. Halafu akaichukua orodha ya kufuta mezani, akamrudishia dada yake.

"Usifute. Watafute wengine kama bibi," alisema.