Alizeti Zenye Majivu

Mwezi wa Agosti mwaka 1973, mdogo wangu Isaka alikuwa ameamua kwenda Tanga kukata mkonge. Basi la Manyoni lilipita Issuna kila Jumamosi asubuhi, na kutoka Manyoni angepanda treni. Mkewe, Yunisi, alikuwa ananyonyesha mtoto wao wa kwanza, lakini hakumkataza. Kiangazi kwetu kilikuwa hivyo. Mavuno yakishaingia ndani, vijana walikaa bila kazi mpaka mvua inyeshe, na wasioweza kukaa waliondoka. Wengine walirudi na baiskeli. Wengine hawakurudi kabisa.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya uzalishaji ya kijiji chetu cha ujamaa. Nafasi hiyo niliipata kwa kusoma, tena kwa madarasa ya usiku, nikitoka shambani na jembe langu nikiliegemeza nje ya mlango. Nilimwomba Isaka jambo moja tu: asubiri tuijaribu mashine ya Chuo Kikuu. Akakubali kusubiri mpaka Ijumaa.

Mwaka uliotangulia, wanafunzi wa Chuo Kikuu wanaosomea kilimo kule Morogoro walikaa kwetu wakati wa likizo yao wakituuliza maswali. Walipouliza tunauza nini, tulisema alizeti. Walipouliza mafuta ya kupikia tunapata wapi, tulisema dukani. Wakatazamana. Walipoondoka tulidhani habari imekwisha, kumbe walikwenda kutuundia mashine ya kukamua katika karakana yao.

Aliyeileta ni binti mmoja wa Kondoa aitwaye Stumai, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Aliniamkia shikamoo kwa heshima, kisha akapanda juu ya lori kusaidia kuishusha. Mzee Simeoni, ambaye hata msibani hakuweza kunyamaza, alimuuliza kama baba yake anajua aliko. Stumai akamjibu kuwa anajua sana, na ndiye aliyemwonya kwamba Singida kuna wazee wachokozi. Tangu hapo Simeoni alimpenda.

Ijumaa asubuhi kijiji kizima kilikusanyika kwenye banda. Isaka alipewa kazi ya kuzungusha mkono wa mashine, maana mabega yake yalijulikana. Kila nyumba ilileta alizeti zake. Akazungusha, na mashine ikaanza kulia kama inayotafuna mchanga. Kisha yakatoka mafuta ya kijivu, mazito, na baada ya muda mfupi mkono ukakwama kabisa.

“Mwanangu,” Simeoni akamwambia Stumai, “haya ni mafuta, au ni maji tuliyooshea masufuria?”

Watu wakacheka. Isaka hakucheka. Aliuacha mkono wa mashine akasimama kando, na nikajua anawaza basi la kesho.

Stumai alifungua mashine, akachota tope lililobaki ndani na kulisugua kati ya vidole. Akauliza alizeti hizi zilitunzwaje. Mama yetu, Damari, akajibu kwa fahari kuwa zilitunzwa vizuri, ndani ya vilindo, yale mapipa yetu ya magome ya miti, zikachanganywa na majivu ili fukusi wasizile. Hivyo ndivyo tulivyotunza uwele na mtama tangu enzi za bibi zetu. Zao jipya lilipokuja, tulilipa heshima ile ile.

Stumai akasema kwa upole kwamba kwa mtama mama hakukosea, ila alizeti ina ganda lake, nayo inataka kukaushwa vizuri tu. Majivu yanakwaruza chuma na kuchafua mafuta. Tukazipepete, tukazifute, tukazianike, halafu tujaribu tena jioni. Kesho alitakiwa kuanza safari ya kurudi chuoni.

Basi, wa kupepeta ni nani? Nusu ya wanawake walikuwa kisimani, na kwa kiangazi kile kisima kilikuwa mbali. Waliobaki, akina Yunisi na Dorika, mama aliyesifika kijijini kwa kupepeta, walichukua nyungo zao wakaanza, lakini kwa rundo lile wasingemaliza siku hiyo. Sisi wanaume tulikaa kivulini tukiwapa moyo. Kwetu mwanamume hashiki ungo. Anaweza kulima, kuchunga na kupiga uwele kwa fimbo, ila ungo ni wa mwanamke.

Isaka alitutazama, akalitazama rundo. Akaenda akachukua ungo wa mama.

Simeoni akapiga kofi gotini. “Yunisi, mwanangu, mtafutie mumeo kanga. Nadhani ataposwa kabla jua halijazama.”

“Mzee Simeoni,” Isaka akasema huku akipepeta, vibaya sana, majivu yakimrudia usoni, “nikichekwa hapa, jioni nitalala na mwanangu. Kule mkongeni hakuna wa kunicheka.”

Niliinuka mimi kwanza, nikiwa mwenyekiti. Wengine wakafuata, na Simeoni akaja mwisho, akilalamika kuwa ungo aliopewa ni mdogo. Dorika alitufundisha kwa ukali kuliko mwalimu yeyote niliyepata kumwona.

Tulipokuwa tunaanika, Stumai aliniambia jambo ambalo kamati yangu haikuwa imelifikiria. Alisema tuliiona mashine kama kazi ya mtu mmoja mwenye mabega. Lakini kuna kupepeta, kuanika, kukamua, kuchuja, na kuwapa kuku mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua. “Kila kazi hapo ina mtu wake, Ndugu Mwenyekiti,” akasema, “na kila mtu apate mgao wake, akina mama pia.” Kamati ilikaa pale pale juani ikakubali. Dorika akawekwa kuwa msimamizi wa usafi wa mbegu, na hakuna aliyethubutu kupinga.

Jioni Isaka alizungusha tena. Mkono ulikwenda taratibu, bila kelele. Yakatoka matone, kisha uzi mwembamba wa mafuta, ya manjano, safi. Mama Damari alionja kwa kidole, akaonja tena.

Kesho yake basi lilipiga honi barabarani. Isaka alilisikia kama sote tulivyolisikia, lakini alikuwa ameinamia mashine anaipaka grisi. Stumai alimuaga kwa kumpa funguo za kukazia nati, na kumwambia aandike kila kitakachoharibika ili chuo kirekebishe.

Saa nne Yunisi alikuja bandani, mtoto mgongoni, na uji kwenye kibuyu. Alikuwa anampelekea mumewe chakula kazini, mwezi wa Agosti, Issuna. Alipita mbele yetu polepole kuliko ilivyohitajika.